Toa Pini Mdomoni

Mkaguzi alisimama mlangoni, akasema kitu, kisha akaelekeza kidole kwenye mdomo wa mwalimu.

Mwalimu wa ushonaji hakusikia neno. Hakuwa amesikia neno la mtu yeyote tangu ile homa ya mwaka juzi ilipoondoka na masikio yake. Kwa kawaida alisoma midomo, na aliisoma vizuri kuliko wengine wanavyosikia, lakini mkaguzi huyu alikuwa na masharubu mazito yaliyofunika mdomo kama pazia. Siku ya leo, kati ya siku zote, ndiyo ya kuletewa masharubu!

Kwenye dawati la mbele, kiranja wa darasa, mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi, alijibana midomo kwa vidole. Mwalimu akaelewa. Alizitoa pini alizokuwa amezing'ata, uso ukimwaka kwa aibu.

"Karibu, Bwana Mkaguzi. Samahani."

Kanuni aliyoivunja ilikuwa yake mwenyewe. Ilibandikwa ukutani kwa maandishi makubwa pamoja na nyingine: Toa pini mdomoni ndipo useme. Mtazame unayezungumza naye. Mmoja aseme, wengine wanyamaze. Rudia ulichoambiwa kabla ya kushika mkasi. Walimu wa madarasa mengine walizipenda wakazinakili, wakidhani amezitoa semina. Semina gani! Shida ndiyo iliyomfundisha. Waliojua ni wanafunzi wake tu, na siri hiyo waliishona mara mbili ili isifumuke.

Ila mkuu wa chuo alikuwa ameanza kunusa. Wiki iliyopita alimwita ofisini.

"Fundi umeme amegonga mlango wako mpaka mkono ukamuuma, nawe umempa mgongo tu," alisema. "Dada yangu, mkaguzi anakuja. Akithibitisha kwamba husikii, darasa nitampa mtu mwingine. Siku cherehani ikimshona mwanafunzi kidole, kilio chake atakisikia nani?"

Mwalimu alitoka ofisini. Alikwenda chooni akalia mpaka macho yakavimba. Kushona angeshona popote, hata barazani kwake. Kufundisha ndiko alikokupenda, na nyumbani hakukuwa na darasa.

Wakaguzi wote huketi nyuma. Huyu alivuta kiti hadi mbele kabisa, upande wenye mwanga, akamkodolea mwalimu macho usoni. Hapana, si usoni. Mdomoni. "Ananivizia huyu," mwalimu alijisemea.

Masharubu yalicheza. Mwalimu hakuambulia kitu.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, "hebu rudia swali la mgeni wetu, darasa zima lilipate."

Shangazi alimgeukia, akatamka polepole. "Anauliza, kwa nini mkono wa gauni unakatwa mpana kuliko tundu la kwapa."

"Ili bega lipate pa kuzungukia. Ukivikata sawa, mwenye gauni atashindwa hata kumpungia mtu mkono."

Wanafunzi walicheka. Mkaguzi hakucheka. Aliinama mbele, akakunja uso, masharubu yakacheza tena. Safari hii Shangazi alisita kabla ya kusema.

"Anataka urudie jibu, Mwalimu. Taratibu."

Mwalimu alirudia, neno moja moja. Tayari alihisi kamba ikikazwa. Mtu huulizwa jambo lile lile mara mbili pale tu anaposhukiwa.

Mkaguzi aliinuka, akaanza kuzunguka. Msichana wa safu ya nyuma alimwonyesha kazi yake, na mwalimu akaiona midomo ya mtoto wa watu ikisema, "Tazama na yangu, Bwana." Mkaguzi alipita bila hata kugeuza shingo. Wakubwa na majivuno yao!

Halafu alisimama kando ya cherehani iliyokuwa ikienda kasi. Akaweka kiganja juu ya meza ya cherehani hiyo, akafumba macho.

Mwalimu alikitazama kile kiganja. Hivyo hasa ndivyo alivyofanya yeye kila siku: kiganja mezani, kusikiliza kwa ngozi kama mashine inakwenda sawa au uzi wa chini umejisokota. Mtu huyu amekwisha kumjua, na sasa anamwigiza mbele ya wanafunzi wake.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Heri aseme mwenyewe kuliko kusemewa. Alivua tepu ya kupimia shingoni, akaiweka mezani, akamfuata mkaguzi, ambaye sasa alikuwa amewapa wote mgongo, akichunguza gauni lililovishwa sanamu.

"Bwana Mkaguzi, nina jambo la kukwambia."

Hakugeuka.

"Bwana Mkaguzi, naomba unitazame. Tafadhali."

Vidole vyake viliendelea kutembea juu ya pindo la gauni. Mwalimu alisimama palepale. Kumbe hata kutazamwa hastahili.

Shangazi aliutazama ule mgongo. Akamtazama mwalimu. Akautazama tena ule mgongo, kwa muda mrefu zaidi. Kisha aliichukua kengele ya shaba ambayo kiranja huipiga kipindi kinapokwisha, akaishika ulimi isilie, akanyata mpaka nyuma ya mkaguzi. Aliinua kengele usawa wa kisogo chake, akauachia ulimi, akaitikisa kwa nguvu zake zote.

Darasa zima liliziba masikio. Mkaguzi aligeuza pindo la gauni, akaupapasa mshono wa ndani kwa kidole gumba, akasogea kwenye mshono uliofuata.