Mdomo wa Msumari

"Mfute!" alisema Shomari kutoka kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa kidevuni. "Katusaliti huyo."

Msumari, rapa kipenzi cha mji ule, alikuwa ukutani, meno yameumana, ngumi juu, vilevile Salha alivyomchora. Lakini wiki ile alikuwa ametoa wimbo wa taratibu, anaimba kwa fidla, anambembeleza mama yake. Tangu siku hiyo saluni nzima haikuelewana.

"Kakua tu, jamani," alisema mzee mmoja kwenye benchi.

"Kalainika! Sisi tulimpendea ukali."

"Kwani wewe huna mama?"

Benchi zima likacheka. Salha akapanda kwenye stuli na brashi yake.

"Nimemchora mimi, dada yenu," alisema. "Pa kugusa napajua."

Ngumi hakuigusa. Alianzia kwenye taya, akalilegeza kwa rangi ya kahawia. Akayafunika meno, kisha akachora mdomo ulio wazi, wa mtu anayevuta pumzi kabla ya kuimba.

"Umemharibu," alisema Shomari.

"Ngoja rangi ikauke, ndipo useme."

Shomari akasonya, akalaza kichwa nyuma anyolewe. Macho hakuyatoa ukutani. Kinyozi akapeleka wembe shingoni, mara akausimamisha. Koo la Shomari lilikuwa likitikisika. Mdomo kaufumba, lakini wimbo ulikuwa ukimtoka puani, polepole, sauti ileile ya fidla.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi aliuinua wembe, akasubiri ubeti uishe.