Sweta la Festo

Wiki mbili kabla ya Krismasi, sebule ya Bi Pelagia ilijaa wanawake, chai ya tangawizi na habari za watu. Festo, mwanawe, alikuwa ameandika kwamba safari hii atakuja, baada ya miaka kumi na moja.

"Mfumie sweta," alisema mama Skola, jirani wa ukuta mmoja. "Baridi ya hapa ameshaisahau huyo."

"Sweta linataka vipimo. Nitamfumia skafu."

"Mama mzima hujui mabega ya mwanao?"

Wenzake walicheka. Bi Pelagia aliingia chumbani, akarudi na sweta la shule, la kijani, dogo, limechakaa viwikoni.

"Mabega ninayoyajua ni haya," alisema.

 Aliposhika mkasi na kutafuta fundo penye pindo ili apate uzi wa skafu, mama Skola alimshika mkono.

"Shoga, usilifumue. Hata mwaka jana alisema anakuja."

"Mwaka jana sikulifumua, na hakuja," alijibu Bi Pelagia, akakata fundo, akavuta.

Sweta likaanza kuisha mstari kwa mstari, na hakuna aliyeurudia umbea. Mama Skola alikunjua viganja vyake ili uzi uzungushiwe hapo. Hadi jioni ilibaki mikono ya sweta tu, imelala mapajani mwa Bi Pelagia. Na uzi, kila walipounyoosha, ulijikunja tena vilevile ulivyozoea kukaa kifuani kwa yule mtoto.