Mahamri Yenye Pilipili Manga

Siku hizo, madukani Tanga mitambo tu ndiyo iliyopika, na kila mtambo ulipika kwa kuiga mkono wa mpishi mmoja. Sheria ilikuwa wazi: mkono wa mtu hautiwi mtamboni mpaka mwenyewe afariki.

Rukia alikuja peke yake kutoka Dodoma. Asubuhi nzima alizurura mitaa ya Ngamiani kama anayeota, akionja visheti hapa, mkate wa ufuta pale. Jioni angekwenda kwa shangazi yake, Salha. Kwenye duka la kona akauma hamri, akaacha kutafuna. Nazi, iliki, halafu pilipili manga. Alimjua mtu mmoja tu atiaye pilipili manga kwenye mahamri, naye ni huyo shangazi.

"Mkono huu ni wa nani, kaka?"

"Jina hatupewi, dada," muuzaji alijibu. "Ni mpya, umeingia mwezi uliopita. Watu wanaupenda huo!"

Simu ikalia mkobani. Ilikuwa sauti ya shangazi, ile ile ya kila asubuhi.

"Umeshafika, mwanangu? Usishibe huko nje. Nimekukandia mahamri."