Wimbo Uliokatikia Fresno

Jina la Pheng lilitoka kwenye spika kabla baba hajamaliza kuvua koti lililolowa theluji.

"Ndiyo maana mwanao asome historia ya Wahmong, watu wa milima ya Laos, hapa kwetu," mhadhiri alikuwa akiwaambia wazazi waliokuja kukagua chuo. "Wimbo wa mazishi kama huu hamtausikia chuo kingine."

Binti aliyekuja na baba aliijua sauti ile. Ilikuwa ya mzee aliyemwimbia kaka yake binti, Pheng, siku ya kumzika, akiiongoza roho yake kurudi mji kwa mji alikoishi hadi kambi ya wakimbizi ya Thailand alikozaliwa, kondo lake la nyuma lilikofukiwa. Wimbo huo hauimbwi pasipo maiti. Nani aliurekodi?

Baba alisimama, mkono mmoja ungali ndani ya koti.

"Tumetoka Saint Paul, Pheng," sauti iliimba. "Shukuru nyumba iliyokulaza. Sasa tumefika Fresno, Pheng."

"Zima, mwalimu!" binti alipiga kelele. "Huyo ni kaka yangu!"

"Usizime!" baba akafoka. "Ameshaitwa. Ukikata hapo atabaki njiani."

Spika ikakwaruza, ikanyamaza yenyewe.

"Samahani sana, mzee." Uso wa mhadhiri ulikuwa umemshuka. "Tuna kipande hicho tu. Cha kufundishia."

Binti akamshika baba kiwiko. "Twende zetu, baba. Vyuo vipo vingi."

Baba akavuta kiti, akaketi akiikabili spika, nusu ya koti ikiburutika sakafuni.

"Na Pheng tumwache Fresno?"