Kabla Taa Haijawa Kijani

Mjini kwao kila mtu aliamka kiziwi, kwa kuwa masikio ya chipu yalizimwa usiku kwa sheria. Asubuhi unayawasha, unasubiri umeme utulie mpaka taa ya bangili igeuke kijani, ndipo unabonyeza kitufe nyuma ya sikio. Ukibonyeza mapema, chipu hushika sauti iliyopo na kuihesabu kuwa kimya. Hutaisikia tena mpaka kesho.

Siku hiyo Mwanaidi alimwona mwanawe mchanga, Sefu, amepanua kinywa, machozi yanamtiririka. Akabonyeza kitufe taa ikiwa bado nyekundu.

Alisikia birika likichemka. Akasikia redio ya jirani. Sefu alikuwa bado analia, na yeye hakusikia kitu.

"We Mwanaidi, mtoto analia huyo!" mama mkwe alimwita toka uani. "Humsikii?"

"Nimebonyeza mapema, mama. Nilitaka nimsikie upesi."

"Pole, mwanangu. Basi mwangalie usoni. Kesho utampata."

Alishinda akimtazama Sefu midomo, roho juu. Lakini mchana uchovu ulimzidi, akalala usingizi mnono ambao hakuwa ameuonja tangu ajifungue. Alipoamka, mama mkwe alikuwa akizunguka na mtoto chumbani, sauti imemkauka kwa kubembeleza.

Kesho yake Sefu aliamka akilia. Mwanaidi aliwasha masikio, akaitazama taa nyekundu. Kisha akamvuta mwanawe karibu, akambusu kipajini, akabonyeza kabla haijawa kijani.