Fisi Achagua Upande wa Mlango

Kaeni vizuri, hekaya imefika! Muhanga, yule mnyama hodari wa kuchimba, na Fisi walikuwa na shimo moja la kulala ubavuni mwa kilima, mali yao wote wawili. Muhanga akafa, akamwacha bintiye Sikudhani. Hata matanga hayajaisha, Fisi akamwambia yatima, "Mwenzangu hayupo, shimo lote ni langu. Toka!"

Sikudhani hakuwa na pengine pa kulala. Alikimbia hadi kwa Kadhi Korongo.

"Sehemu ya marehemu ni ya mwanawe," Korongo alihukumu. "Ligaweni katikati."

Fisi akadakia, "Mimi mkubwa, nachagua kwanza. Nataka upande wa mlango!" Sikudhani alipoingia tu, Fisi akajitandaza mlangoni, akacheka hadi mate yakamtoka. "Haya mwanangu, utatokea wapi? Nipigie magoti!"

Sikudhani alipapasa kuta kule ndani gizani. Kisha akazitazama kucha zake, kucha za baba yake kabisa, akauvamia ukuta wa nyuma. Chaka! Chaka! Udongo ukaruka nyuma yake, ukamwingia Fisi machoni, masikioni, mdomoni.

"Acha, we mtoto! Unanifukia!"

"Nachimba upande wangu, Ami!"

Fisi akachomoka nje akipiga chafya. Alipogeuka, sehemu yake ilikuwa imejaa udongo hadi juu. Akazunguka kilima akihema, akakuta mlango mpya, na Sikudhani amekaa hapo akiota jua.

"Karibu, Ami," alisema, "lakini hapa kwangu hupigwa hodi kwanza."