Mishono Saba

Gauni lilikuwa na mishono saba kila ubavu, imepangana kama mistari ya daftari. Mama Fundi alilipindua nje ndani ili wote waione.

"Mimi si msemaji," alisema. "Mimi ni fundi cherehani. Hadithi yangu ni hii hapa."

Ilikuwa Jumamosi yake ya kwanza katika chumba cha nyuma cha zahanati. Viti tisa vya plastiki viliwekwa duara. Baadhi ya waliokaa waligombana na chakula miaka na miaka. Wengine walikuwa wazazi. Utaratibu ulikuwa mmoja tu: unasimulia yako, kisha wote mnakula pamoja mkate na yai la kuchemsha. Anayeshindwa hasutwi.

Mama Fundi hakuzunguka mbuyu. Bintiye alimletea gauni akasema, "Mama, lipunguze kidogo." Akalipunguza. Baada ya wiki tatu, tena. Kisha tena. Fundi mwenye akili hakati kitambaa kilichozidi. Hukilaza ndani, maana mwili hauna ahadi. Hivyo kila mshono wa zamani ulibaki, na mpya ukakaa kando yake.

"Mara saba. Wateja wananiambia, mwanao ana umbo! Nami nachekelea. Macho haya huona uzi uliopinda toka ng'ambo ya barabara, lakini nilimpunguza mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe, nisimwone anavyokwisha."

Mbele yake alikaa msichana aliyeisukuma sahani yake hadi ukingoni mwa meza. Alipofikiwa na zamu alikuwa amesema, "Shuleni waliniita Njiti. Msinisogezee moto tu." Basi, hadithi yake ikaishia hapo. Mshauri aliyeongoza duara alikuwa amemnong'oneza Mama Fundi mlangoni: huyo ametoka hospitali juzi, ile wodi isiyoingiza wageni, na hajala chochote mbele yao. Akirudishwa kule, huenda asitoke.

Wodi hiyo Mama Fundi aliijua kwa sebule yake tu. Ndiko mzazi alikoletewa mwanawe, saa moja kwa wiki.

"Na sasa?" Njiti aliuliza ghafla. "Hilo gauni unalifanyaje?"

Mama Fundi aliitazama ile sahani iliyo ukingoni.

"Nalifumua," alisema. "Mshono wa kwanza usiku huu, kisha mmoja kila wiki, mpaka lirudi upana wake."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akamkumbatia, akasema Mungu ni mkubwa. Mama Fundi alikuwa anamtazama Njiti, ambaye alikuwa amemega mkate, kipande kisichozidi ukucha, na alikuwa anatafuna.

Jumamosi iliyofuata, hata hajakaa, Njiti aliuliza, "Wa pili?"

"Umetoka."

Njiti akala nusu kipande. Wiki ya tatu akala kizima. Ya nne alikuja amevimba macho, akasema leo hawezi.

"Huwezi nini?" Mama Fundi alimkatiza. "Mimi nimeshinda na wembe nafumua uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, halafu wewe ushindwe na yai? Yai lenyewe limeshamenywa!"

Duara zima likaangua kicheko, Njiti naye akacheka huku machozi yakimtoka. Yai akalimaliza.

"Ule mfuko wa siri bado upo?" aliuliza akijifuta midomo.

Mama Fundi akamwonyesha: mfuko mdogo nyuma ya bitana, ambao bintiye aliuomba ili afiche peremende zake alipokuwa bado anakula peremende. Njiti akaingiza vidole viwili humo, akavitoa polepole.

Njiani kurudi, Mama Fundi alijaribu kukumbuka ni lini aliwaeleza habari za mfuko. Hakukumbuka. Uzee, alijiambia.

Wa tano ukatoka, wa sita ukatoka. Ijumaa ya wiki ya saba aliukalia mshono wa mwisho kutwa nzima, wembe mkononi, wateja wakimsubiri mlangoni. Msichana wa watu alikuwa anakula kwa kufuata uzi, na uzi ulikuwa unakwisha.

"Wa saba," alisema siku ya pili yake, akalitandaza gauni mapajani. Lilikuwa pana, limepigwa pasi, alama za sindano zikionekana kwa mbali.

Njiti alikula kila kitu, hadi chembe za mkate akaziokota kwa ncha ya kidole. Mshauri akageukia dirishani.

Baadaye Njiti alimkimbilia getini.

"Mama Fundi! Wiki ijayo utaleta nini?"

"Sina tena, mwanangu. Gauni limefunguka lote. Wewe endelea kula tu."

"Ukikosa cha kuleta, hutakuja."

Njiti alilichukua gauni mikononi mwa Mama Fundi, akalikunja vizuri, mfuko wa siri ukabaki juu.

"Hivi," Mama Fundi alisema polepole, "habari za mfuko huu alikwambia nani?"

"Mwanao mwenyewe. Kule wodini vitanda vyetu vilikuwa vimepakana." Njiti alimrudishia gauni, kisha akaishika mikono yake. "Nilikuwa nakula ili urudi, Mama Fundi. Asubuhi aliyokata roho, niliyemfumba macho ni mimi."